Hadithi ya Kuchekesha Katika Darasa la Kiingereza

Mazungumzo juu ya Kiingereza katika skuli zetu za Unguja na Pemba hayakosi kurudi barazani kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu huulaumu uchache wa vitabu, ofisa huulaumu uvivu wa wanafunzi, na mwanafunzi, ambaye aghalabu haulizwi, hunyamaza. Leo hatukusudii kuongeza lawama juu ya lawama. Tunakusudia kuzungumzia jambo dogo, ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona halistahiki nafasi katika ukurasa huu: hadithi fupi ya kuchekesha, na namna inavyosomwa, au inavyouawa, katika somo la Kiingereza.

Tunaanza na dai ambalo tuko tayari kulitetea. Mwanafunzi anaweza kukariri maana ya maneno mia mbili na asielewe ukurasa mmoja. Anaweza kukariri majina ya wahusika, dhamira tatu na ujumbe mmoja, akayaandika yote katika karatasi ya mtihani, na mtahini asiweze kujua kama kitabu chenyewe alikifungua. Lakini hawezi kukariri kicheko. Anayecheka mahali panapostahiki amesikia kilichosemwa, amesikia na kisichosemwa, amejua ni nani anamwambia nani na kwa nia gani. Na yote hayo ameyafanya kwa haraka, bila ya kusimama kufungua kamusi. Hatujui kipimo kingine cha ufahamu wa lugha ya kigeni kilicho rahisi kama hiki, wala kilichodharauliwa kama hiki.

Tuchukue mfano mmoja tuukalie. Hadithi yenyewe inaitwa "The Open Window", yaani dirisha lililo wazi. Mwandishi wake ni Mwingereza, Hector Hugh Munro, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Saki. Alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Akyab, Burma, ambako baba yake alikuwa mkubwa wa polisi. Mama yake alifariki angali mdogo, na mtoto akapelekwa Uingereza kulelewa na shangazi zake wawili, wanawake wakali walioshika amri nyumbani kama askari magereza. Katika hadithi zake nyingi watoto huwachezea shere watu wazima, na wahakiki hawakukosa kuyaona mambo hayo mawili kwa pamoja. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya magazeti, akapeleka habari kutoka nchi za Balkani, Urusi na Paris, na hadithi zake fupi nyingi zilitoka kwanza magazetini kabla ya kukusanywa vitabuni. Hii tunayoizungumza imo katika kitabu chake cha mwaka 1914. Urefu wake ni takriban maneno 1,200 tu, na imesomeshwa katika skuli za nchi nyingi zilizopokea Kiingereza kutoka kwa Waingereza.

Habari yake ni hii. Bwana mmoja, Framton Nuttel, anasumbuliwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, na madaktari wamemshauri aende shamba akapumzike. Dada yake aliwahi kukaa katika kijiji hicho, basi amempa barua za kumjulisha kwa watu aliowafahamu. Anabisha hodi nyumba ya Bibi Sappleton, na anayempokea ni mpwa wa bibi huyo, msichana wa miaka kumi na mitano, mtulivu na mwenye kujiamini. Shangazi yuko juu, atashuka sasa hivi. Msichana anamwuliza mgeni kama anawajua watu wengi wa hapo. Mgeni anajibu kwamba hamjui mtu hata mmoja. Dada yake ndiye aliyekaa hapo, kiasi cha miaka minne iliyopita. Msichana anahakikisha tena: kwa hiyo hujui lolote juu ya shangazi yangu? Hajui, ila jina na anwani.

Hapo ndipo msichana anapoanza kumsimulia msiba. Siku kama ya leo, anasema, miaka mitatu iliyopita, mume wa shangazi pamoja na ndugu zake wawili vijana walitoka kupitia dirisha lile, wakaenda kuwinda ndege. Hawakurudi. Walizama katika kinamasi, na maiti zao hazikupatikana. Shangazi, maskini, angali anaamini kwamba watarudi, wao na mbwa wao mdogo, na ndiyo sababu dirisha huachwa wazi kila jioni mpaka giza liingie. Shangazi anashuka, anaomba radhi kwa kuchelewa, na kwa uchangamfu anasema kwamba mumewe na ndugu zake watarejea sasa hivi kutoka windoni. Mgeni anababaika, anajaribu kugeuza mazungumzo kwa kuyaeleza maradhi yake. Mara bibi anapaza sauti: hao wanakuja! Mgeni anamgeukia msichana ili amwonyeshe kwamba anasikitika pamoja naye, anamkuta amekodoa macho dirishani kwa hofu. Anageuka na yeye. Katika utusitusi wa jioni watu watatu wanavuka uwanja, bunduki mikononi, mbwa nyuma yao. Bwana Nuttel anakamata fimbo na kofia, anatoka mbio hata mpanda baiskeli mmoja barabarani analazimika kujitupa katika ua wa miti asije akamgonga.

Wenye nyumba wanaingia salama wa salimini. Matope, lakini mengi yamekauka. Ni nani yule aliyetoka mbio? Bibi anashangaa: mtu wa ajabu, hana mazungumzo ila maradhi yake, na ameondoka bila ya kuaga. Ndipo msichana, bila ya kupepesa macho, anaeleza kwamba bwana yule anaogopa mbwa. Aliwahi kufukuzwa na kundi la mbwa koko mpaka makaburini, kando ya mto Ganges, akalala usiku kucha ndani ya kaburi jipya. Kisha mwandishi anaongeza sentensi moja fupi juu ya kipaji cha msichana huyu, na hadithi imekwisha.

Sasa tuipeleke hadithi hii katika darasa la kidato cha tatu, Makunduchi au Wete. Mwalimu amepata nakala moja. Ameiandika ubaoni au ameisoma kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na kila sentensi ameifuatishia tafsiri. Wanafunzi wameandika maneno mapya katika madaftari yao. Hakuna aliyecheka. Mwalimu anahitimisha kwamba Kiingereza chao ni dhaifu, na pengine ni kweli. Lakini sisi tunaona kwamba sehemu kubwa ya kicheko ilipotea kwa sababu nyingine, nazo zinaweza kuhesabika.

Ya kwanza ni dirisha lenyewe. Mtoto wa visiwani anapoambiwa dirisha humjia akilini dirisha la nyumba yao: liko usawa wa kifua, lina nondo au mbao za kukingama, na hapiti humo ila paka. Anapoambiwa kwamba wanaume watatu wenye bunduki walitoka kupitia dirishani, ama anadhani walikuwa wezi, ama anadhani ameifahamu vibaya sentensi. Na mwanafunzi anayedhani amefahamu vibaya hacheki, anaogopa. Lau mwalimu angechora ubaoni lile dirisha la Kizungu linaloteremka mpaka sakafuni na kufunguka kama mlango wa kutokea bustanini, dakika moja ingetosha.

Ya pili ni mwezi. Msichana anamwambia mgeni kwamba huenda akastaajabu kuona dirisha liko wazi katika alasiri ya Oktoba. Kwetu sisi Oktoba ni mwezi wa joto linalopanda, na dirisha lililofungwa ndilo lingetaka maelezo. Kwao Oktoba ni majira ya majani kupukutika, siku zinafupika, nyumba zinaanza kufungwa, moto unawashwa. Bila ya kulijua hili mwanafunzi haoni kwamba msichana amelikamata jambo la kweli lililoko mbele ya macho ya mgeni, jambo dogo lisilo la kawaida, akaujenga uongo wake wote juu yake. Na hiyo ndiyo kazi ya fundi wa uongo.

Ya tatu ni neno moja katika sentensi ya mwisho. Mwandishi anasema kwamba msichana alikuwa bingwa wa "romance" isiyohitaji matayarisho. Mwanafunzi anafungua kamusi, anakuta mapenzi. Basi anaifunga hadithi akiamini kwamba binti huyu alikuwa mwepesi wa kupenda, na kwamba bila shaka alimpenda mgeni. Na akiwa mwanafunzi mwerevu ataandika hivyo katika insha yake, tena kwa ushahidi. Neno hilo lina maana nyingine kongwe, ya kubuni visa na masimulizi ya ajabu, na hiyo ndiyo iliyokusudiwa. Hatujapata kuona mfano bora zaidi wa jinsi kamusi inavyoweza kumpoteza mtu ambaye hadithi haikumfikia.

Hizo ni pazia tatu, na mwalimu aliyejitayarisha anaweza kuziondoa zote kabla ya kusoma, tena kwa Kiswahili, bila ya kuona haya. Kuna wanaodhani kwamba kusema Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kosa. Sisi tunadhani kwamba kosa ni kukitumia Kiswahili mahali pasipofaa: kukisema katikati ya hadithi, pale msichana anapomkodolea macho mgeni, ni sawa na kumshika mkono mpiga ngoma. Maelezo yatangulie, kisha hadithi isomwe moja kwa moja kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesimulia, mpaka mwisho. Asiyefahamu kila neno aachwe hivyo hivyo. Hata nyumbani mtoto hafahamu kila neno la hadithi ya bibi yake.

Baada ya hapo yanakuja maswali, na hapa ndipo tunapowaomba waheshimiwa wa Wizara na wa mabaraza ya mitihani watusikilize kidogo. Maswali tuliyoyazoea yanajulikana: taja wahusika wakuu, eleza dhamira, mwandishi anatufunza nini. Hili la tatu, likiulizwa juu ya hadithi hii, huzaa kichekesho kuliko hadithi yenyewe. Mwanafunzi mtiifu ataandika kwamba mwandishi anatufunza kuwa uongo ni mbaya. Katika hadithi mwongo ameshinda mara mbili, hakuadhibiwa, hakugunduliwa, na mwandishi anamsifu. Mwanafunzi ameandika kinyume cha alichokisoma kwa kuwa ndicho anachoamini kwamba mtahini anataka kukisikia, na hatutashangaa akipewa alama.

Swali tunalolipendekeza ni jingine: ni mahali gani katika hadithi ambapo msichana alihakikisha kwamba anaweza kudanganya asishikwe? Mwanafunzi atalazimika kurudi nyuma. Atakuta yale maswali mawili ya adabu ambayo mara ya kwanza aliyapita kama salamu: unawajua watu wa hapa? hujui lolote juu ya shangazi yangu? Atakuta pia hesabu. Mgeni amesema dada yake alikuwepo miaka minne iliyopita. Msichana mara moja ameuweka msiba miaka mitatu iliyopita, ili dada asiweze kuwa shahidi. Na kuna jambo zuri zaidi kwa anayeangalia: jina la msichana ni Vera, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kweli. Tunamhakikishia kila mwalimu kwamba siku wanafunzi watakapoigundua ile miaka mitatu na minne wenyewe, darasa litapiga kelele, na kelele hizo zisinyamazishwe upesi.

Watakuwapo watakaosema: mnataka watoto wetu wafundishwe uongo, tena na binti wa miaka kumi na mitano anayemcheza shere mgeni aliyemzidi umri, katika nyumba ambamo mbwa huingia ndani? Hoja ya adabu si ya kupuuzwa katika visiwa hivi, na wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Ila tukumbuke kwamba wazee hao hao waliotuonya ndio waliotusimulia visa vya Abunuwasi. Abunuwasi aliazima sufuria, akairejesha pamoja na kisufuria, akasema imezaa. Mwenye sufuria akapokea kwa furaha. Alipoiazima mara ya pili hakuirejesha, akasema imekufa. Nani alijifunza uongo kwa kisa kile? Tulichojifunza ni kwamba aliyekubali sufuria kuzaa hana pa kusimama anapoambiwa imekufa, tulijifunza kusikiliza. Wala Abunuwasi si wa asili yetu: jina lake ni la mshairi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akaja mwambao huu, akafanywa mwenyeji. Bwana Nuttel anaweza kuja vile vile.

Kwa hakika, mtu wa visiwani hana upungufu wowote wa vifaa vya kuifahamu hadithi hii. Amekulia katika utani, vijembe na mafumbo. Anajua kwamba jina la kanga huvaliwa kwa ajili ya jirani fulani wala si kwa kujikinga na baridi. Anajua pia nguvu ya habari inayosemwa bila ya kucheka: mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianzia Pemba ukavuka mpaka Unguja, na watu wazima wenye kazi na vyeo walilala nje, makundi makundi, mpaka uvumi ulipopoa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwanafunzi kwamba ujuzi huo alionao unaruhusiwa kuingia naye katika darasa la Kiingereza. Mara nyingi huuacha mlangoni pamoja na viatu.

Waandishi wetu wakubwa hawakuuacha. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufanya kazi ya magazeti, aliwasoma Waingereza na mpelelezi wao Sherlock Holmes, kisha akatupa Bwana Msa katika "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960. Na mwenye kukisoma kitabu hicho bila ya kutabasamu basi hakukisoma. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, anajulikana zaidi kwa huzuni za vitabu vyake, na mwaka 2022 riwaya yake "Paradise" ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi" katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Lakini katika riwaya yake ya mwaka 1996, "Admiring Silence", yumo mtu wa mwambao wetu anayeishi Uingereza ambaye humtungia baba mkwe wake wa Kiingereza visa vya uongo juu ya enzi za ukoloni, kwa kuwa mzee hupenda kuvisikia, na kila akivisikia humeza. Mjukuu wa Abunuwasi na ndugu wa Vera, katika kitabu kimoja, kwa Kiingereza safi. Mwanafunzi aliyezoezwa kwa hadithi fupi ya kurasa tatu anaweza siku moja kukifikia kitabu hicho.

Wala hatusemi kwamba bara na visiwani hakukupata kuwa na vitabu vya Kiingereza vya kuchekesha. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania vinakumbuka "Mabala the Farmer" na "Hawa the Bus Driver" vya Richard Mabala, mwalimu mzaliwa wa Uingereza aliyekuja kuwa raia wa Tanzania. Watu wazima waliosahau kanuni zote za sarufi bado wanamkumbuka Mabala. Jambo hilo lingetosha kuwa ushahidi mbele ya kamati yoyote.

Kuna upande mmoja ambao hatuna budi kuusema kwa uangalifu. Baadhi ya walimu hupenda kuihamisha hadithi ya kigeni iwe ya kwetu, na ni mazoezi mazuri. Hadithi hii inahamika kwa wepesi unaovutia: badala ya kinamasi iwe bahari, badala ya wawindaji wawe wavuvi, badala ya dirisha uwe mlango wa kuelekea pwani ulioachwa wazi wakati wa magharibi, saa ambayo kila mama wa visiwani huwaita watoto ndani na kufunga milango. Mlango ulio wazi saa hiyo ungetaka maelezo kwetu kama dirisha la Oktoba linavyotaka kwao. Mwalimu atajipongeza kwa uhamisho huo.

Lakini asubiri, awatazame walioketi mbele yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu walipotea. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, ikitoka Dar es Salaam. Wengi wa waliopotea hawakuonekana, hakukuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kulitembelea. Zimo nyumba katika visiwa hivi ambamo mama alikaa miezi akisikiliza mlango. Kwa mtoto wa nyumba hiyo, hadithi ya watu waliopotea majini na mwanamke anayengoja warudi haina kichekesho, na kicheko cha wenzake kitamwingia kama mwiba. Pale kinamasi kinapobaki Uingereza, umbali wenyewe ni stara. Kukileta pwani ya Nungwi ni kuiondoa stara hiyo. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake atajua la kufanya, na kama hawajui, basi asihamishe.

Na si sisi peke yetu tuliopatikana na jambo hili. Saki alipoiandika hadithi yake, maneno kwamba wanaume walitoka na maiti zao hazikupatikana yalikuwa ya kubuni tu. Vita Kuu vilianza mwaka 1914, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake. Yeye alikuwa na umri wa miaka 43, uliopita wa kuandikishwa, lakini alijiunga kama askari wa kawaida. Aliuawa kwa risasi Novemba 1916 karibu na Beaumont-Hamel, Ufaransa, na hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa katika mnara wa Thiepval pamoja na majina ya askari zaidi ya 70,000 waliopotea katika nchi ile. Katika miaka hiyo nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na Bibi Sappleton wa kweli. Hadithi iliendelea kusomwa, na watu waliendelea kuicheka. Hatudai kuifahamu vyema siri ya jambo hilo. Tunaona tu kwamba mwalimu anayewasimulia wanafunzi wake habari za mwandishi huyu, baada ya kicheko na si kabla, atawaona wakinyamaza kwa namna tofauti na ule ukimya wa kutofahamu.

Turudi kwa maofisa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na katika sekondari masomo mengi husomeshwa kwa lugha hiyo. Uamuzi huo una wanaouunga mkono na wanaoupinga, na leo hatuingii katika ugomvi wao. Tunasema tu kwamba mtoto anayesoma Kiingereza neno moja moja katika hadithi atasoma hivyo hivyo katika biolojia; na akikua atasoma hivyo hivyo mkataba, barua ya mfadhili, na karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti ya dawa. Katika hoteli zetu za pwani atakutana na wageni ambao mila yao ni kusema kinyume cha wanachokusudia bila ya kubadilisha uso, naye atajibu maneno yao badala ya kuwajibu wao. Ofisini atapokea waraka wenye maneno mazuri kabisa, na swali lililofichwa katikati, mfano wa lile la msichana: kwa hiyo hujui lolote juu ya jambo hili?

Gharama ya tunachokiomba ni ndogo hata tunaona haya kuitaja mbele ya watu waliozoea kusikia habari za majengo na maabara. Mwandishi amefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita na haki za kitabu chake zimekwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuipiga chapa bila ya kumlipa mtu. Hadithi nzima inaenea katika karatasi mbili. Vituo vya walimu vilivyoko Unguja na Pemba vinaweza kuzitoa nakala na kuwakutanisha walimu kwa mchana mmoja, wasomeane kwa sauti, wachekeshane, kisha wakubaliane juu ya maswali. Redio yetu, iliyowahi kusomesha mengi, inaweza kuirusha ikiwa imesomwa na msomaji hodari, kwa faida ya skuli ambayo mwalimu wake mwenyewe hana hakika na matamshi. Na mabaraza ya mitihani yanaweza kuweka, mwaka mmoja tu kwa kujaribu, swali moja lisilojibika kwa kukariri.

Kuisoma kwa sauti kunachukua kiasi cha dakika tisa. Ikiwa kipindi ni cha dakika arobaini, na tano zimetumika kuchora dirisha na kueleza Oktoba, zinabaki ishirini na sita. Mwalimu akae chini, awaache wanafunzi waitafute ile miaka mitatu.